Aliye Juu Amtazame Aliye Chini



Imeenea katika miji yetu ya pwani tamaa moja ambayo wazee wetu hawakuwa nayo sana. Wazee walipenda kukaa mtaani, nyumba kwa nyumba na baraza kwa baraza, msikiti u karibu na kisima ki karibu zaidi. Leo mwenye kujaaliwa uwezo hutazama vilimani. Mtu wa Dar es Salaam hutafuta kiwanja Pugu au Kisarawe, penye vilima na miti. Mtu wa Mombasa huiangalia Kwale, juu ya Milima ya Shimba. Na mtu wa mjini Unguja hutamani pande za juu, karibu na msitu wa Masingini. Husema: nimechoka na kelele, vumbi na joto la mabati, nataka upepo, kivuli, na sauti ya ndege alfajiri.

Je, tamaa hiyo ni njema au ni mbaya? Na mtu akishaipata nyumba yake kati ya miti, ni haki za nani zinazomlazimu? Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza hapa, kwani watu wengi huulizana bei ya kiwanja na urefu wa njia ya kwendea mjini, wala hawaulizani habari ya haki.

Tusianze kwa kukiharamisha kile ambacho Mwenyezi Mungu hakukiharamisha. Kivuli na maji yapitayo ni katika neema ambazo Qur'ani Tukufu inazitaja mara kwa mara inapowasifia waja wema makao yao ya Akhera. Basi moyo wa insani kupenda mahali penye miti si jambo la kushangaza wala la kulaumiwa. Wala kukaa mbali na kati ya mji si kuikimbia dini. Walikuwako Madina watu wa kabila la Banu Salima, nyumba zao ziko mbali na Msikiti wa Bwana Mtume (s.a.w.), wakataka kuhamia karibu nao. Mtume akawaambia wakae pale pale walipo, kwani kila hatua wanayopiga kwendea msikitini huandikwa. Aliye mbali, basi, hana sababu ya kuhuzunika. Ila na ajiulize kama hatua hizo anazipiga kweli, au umbali umekuwa udhuru wake wa kutoonekana katika jamaa, wala mazikoni, wala kwa mgonjwa.

Na hapo ndipo hatari ya kwanza inapoanza. Wapo wanaokwenda vilimani kutafuta utulivu wa moyo, na wapo wanaokwenda ili wasiwaone tena watu. Hao wa pili huinua ukuta kabla ya kuinua nyumba, wakafunga geti, na baada ya miaka mitano hawalijui jina la jirani wa kushoto. Msomaji wa Suratul Kahf anaijua habari ya yule mwenye mabustani mawili, yaliyozungukwa na mitende, na mto ukipita kati yake. Mali yake haikuwa haramu wala bustani zake hazikuwa haramu. Kilichomponza ni kule kumgeukia mwenzake kwa majivuno na kudhani kwamba neema ile haitaondoka kamwe. Asubuhi moja akawa anapindua viganja vyake kwa majuto.

Lakini ipo hatari ya pili, nayo haionekani upesi kama majivuno. Nayo ni hii: maji hayapandi mlima, maji hushuka. Anayekaa juu, kila alifanyalo kwenye ardhi yake humfikia anayekaa chini, hata kama hawajapata kuonana maishani.

Chukua Mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukashuka ukipita mitaa ya watu wengi, ukafika bonde la Jangwani, kisha ukaingia baharini penye Daraja la Salenda. Kilima kikiwa na miti, mvua ikinyesha huangukia majani kwanza, ikateremka polepole, ikanywewa na udongo, na mto ukapata sehemu yake kidogo kidogo. Miti ikiondoka, mvua ile ile huupiga udongo mtupu, ikateremka kwa pamoja, ikabeba na udongo wenyewe, na kule chini mto ukajaa mchanga na kupanda kingo. Disemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, watu wapatao 40 wakafa, na maelfu wakakosa makao. Baada ya hapo jamaa nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Mafuriko yakarudi tena miaka iliyofuata, 2018 na 2019.

Hatusemi kwamba kila tone la maji yale lilitokana na mti uliokatwa Pugu. Walikuwako waliojenga bondeni pasipofaa kujengwa, na zilikuwako taka zilizoziba mifereji, na mvua yenyewe ilizidi kiasi. Lakini hatuwezi kusema pia kwamba wa juu hawahusiki kabisa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo sasa imewekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ililiwa kwa miaka mingi na mkaa, na mashamba, na viwanja. Na si Dar es Salaam peke yake. Mombasa imekunywa muda mrefu maji ya chemchemi za Marere zitokazo katika Milima ya Shimba. Unguja mjini, tangu Sayyid Barghash alipoyavuta maji kwa mabomba katika karne ya 19, ulitegemea chemchemi za pande za Bububu. Na msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa ajili ya vyanzo vya maji vya mji. Basi mtu wa Mji Mkongwe au wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye hana hata mche mmoja uani kwake, maisha yake yamefungamana na miti ya kilimani asiyoiona.

Je, sheria yetu ina neno katika jambo hili? Inalo, nalo ni la zamani. Zubeir bin Awwam (r.a.), jamaa yake Bwana Mtume, aligombana na Ansari mmoja juu ya maji ya mfereji yaliyokuwa yakipita shamba la Zubeir kwanza, kisha yakamfikia mwenzake. Mtume alimwambia Zubeir amwagilie, kisha ayaachie yamfikie jirani yake. Tazama vizuri hukumu hiyo, ndugu msomaji. Haki ya aliye juu haikuondolewa: ndiye wa kwanza kumwagilia, kwani Mungu amemweka hapo. Lakini utangulizi wake si umilikaji wa maji yote. Anapewa haja yake, na baada ya haja yake kuna jirani. Ndipo maulamaa wakajenga juu ya kanuni ile mashuhuri, kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara, hukumu nyingi za mifereji, visima, kuta na moshi wa tanuri. Kama ni haramu kumzuilia jirani maji akafa shamba lake kwa kiu, basi itakuwaje kumfungulia maji yote kwa mara moja, akafa kwa gharika?

Sasa natuondoke pwani, twende mbali bara, kwani kuna somo huko ambalo sisi watu wa miji ya bahari hatulisikii sana. Twende Shinyanga.

Songwa ni kata katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na Mwadui. Jina la Mwadui lilienea duniani tangu 1940, John Williamson alipogundua almasi pale. Mji wa mgodi ukajengwa, ukazungushiwa uzio. Na mwaka 1947 jiwe moja la rangi ya waridi lililotoka hapo alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Upande wa Geita nako, dhahabu imewavuta watu kwa maelfu, na miti imekatwa kwa magogo ya kuzuilia kuta za mashimo na kwa mkaa wa kupikia. Mtu akiitazama nchi ile huweza kudhani kwamba utajiri wake wote uko chini ya ardhi. Lakini wenyeji walikuwa na utajiri mwingine juu ya ardhi, nao ulipotea karibu wote.

Ulipoteaje? Serikali ya kikoloni iliamrisha mapori yakatwe ili kumwondoa mbung'o anayeua ng'ombe. Pamba ikaja, ikala pori lililobaki. Mifugo ikazidi. Katika miaka ya 1970 watu wakahamishwa kukusanywa vijijini, wakayaacha malisho waliyokuwa wakiyatunza wenyewe. Kidogo kidogo nchi ikawa tupu, mwanamke akawa anatembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na kinyesi cha ng'ombe, ambacho kingerutubisha shamba, kikachomwa jikoni. Watu wakasema Shinyanga inakuwa jangwa. Mwalimu Nyerere aliitembelea mwaka 1984, akaona hali ile ikamsikitisha, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI.

Mwanzoni wataalamu walikwenda na miche ya kigeni katika mifuko. Baadaye wakatambua kwamba wenyeji wana dawa yao wenyewe, nayo ni ngitili. Ngitili, katika desturi ya Wasukuma, ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii, majani yakapata kusimama, na visiki vya migunga vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikachipua. Kiangazi kikishakuwa kikali, ngitili hufunguliwa, sehemu baada ya sehemu, mifugo isife kwa njaa. Nyingine ni za nyumba moja, nyingine ni za kijiji kizima. Na anayevunja miiko yake huhukumiwa na mkutano wa wenyeji wenyewe. Mpango ulipoanza, ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzo wa karne hii zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Ndege walirudi, kuni zikasogea karibu, asali ikapatikana, na nyasi za kuezekea. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator Prize.

Watu hao hawakuhamia penye miti. Wao waliirudisha miti ikahamia walipo. Hii ni tofauti kubwa, ndugu msomaji, nasi tuifikiri. Mwenye uwezo wa pwani anapoona mtaa wake hauna kivuli, huuacha, akakifuata kivuli kilimani. Na akifika hukata nusu yake ili ajenge. Mfugaji wa Shinyanga hakuwa na pa kwenda. Alijinyima leo, akaufunga mlango wa malisho yake mwenyewe huku ng'ombe wake wakiyatazama majani, ili kesho kuwe na kitu. Subira hiyo ni ibada kwa mwenye kunuia.

Tena, tukiitazama ngitili, tunakumbuka jambo tulilonalo katika historia ya Uislamu. Nalo ni himaa: ardhi inayowekwa hifadhi kwa maslahi ya umma, isilishwe ovyo wala isikatwe. Bwana Mtume (s.a.w.) aliweka himaa ya Naqii, na akaifanya Madina kuwa eneo tukufu ambalo miti yake haikatwi. Sayyidna Umar (r.a.) naye aliweka himaa, akamteua mtumishi wake aitwaye Hunayy kuisimamia. Wasia aliompa unafaa uandikwe kwenye lango la kila msitu. Alimuusia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Lakini ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Kwa nini hao, nao ni katika masahaba wakubwa? Kwa sababu mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Ama mnyonge, mifugo yake ikifa, atakuja kwa Amirul Muuminina na watoto wake wakilia. Akaeleza kwamba kuwapa majani na maji ni jambo jepesi kwake kuliko kuwapa dhahabu na fedha.

Hapa pana kipimo cha kila hifadhi. Hifadhi ya haki ni ile ambayo mnyonge anaingia kwanza. Na tuseme kweli, hata ngitili hazikusalimika na mtihani huu: wenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndio waliofaidi zaidi, na wasio na ardhi walijikuta wamefungiwa mahali walipokuwa wakiokota kuni bure. Je, si hivyo hivyo katika vilima vyetu? Tajiri akiuzungushia msitu ukuta, yeye huita kuhifadhi. Bibi kizee aliyekuwa akipita hapo na mtwana wake wa kuni huita kufukuzwa. Mti umesalimika, lakini haki haikusalimika.

Najua yapo majibu. Mmoja atasema: kiwanja nimekinunua kwa mali yangu ya halali, nina hati, na mti ulio ndani ni wangu. Tunamwambia: ni wako, wala hapana anayekunyang'anya. Lakini kisu ni chako pia, wala hujaruhusiwa kila unalotaka kulifanya nacho. Imepokewa hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi, na Imam Abu Daud akaifafanua kwamba makusudio ni mkunazi wa jangwani, ambao wasafiri na wanyama hujikinga kwa kivuli chake, akaukata mtu kwa upuuzi na dhulma, bila ya haki. Kosa hapo limepimwa kwa wale wanaokitumia kivuli.

Mwingine atasema: mnatuonea sisi wenye nyumba, na wanaomaliza misitu ni maskini wachoma mkaa. Jawabu ni kumuuliza: mkaa huo unaungua jiko la nani? Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba jiji la Dar es Salaam peke yake hutumia kiasi cha nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Mchoma mkaa hupata kidogo, akabakia na macho mekundu kwa moshi. Sisi ndio tunaonunua gunia. Anayemlaumu mwenye shoka huku akingojea gunia lifike mlangoni, lawama yake haijakamilika.

Na wa tatu, huyu ni mwenye kusikitisha zaidi, atasema: mimi nina mti mmoja tu, au sina hata mmoja, nitabadilisha nini? Huyu na akumbuke mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Tena alitufundisha kwamba Mwislamu hapandi mti wakala katika huo ndege, au mtu, au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Tazama alivyotajwa ndege: kiumbe asiyelipa, asiyeshukuru, wala hakuomba ruhusa.

Basi tufanyeje majumbani mwetu? Aliyejaaliwa kujenga kilimani na ajenge palipo wazi kwanza, auache mti mkubwa usimame, na nafasi iliyokatwa aipandie. Asiielekeze mifereji ya paa lake kwenye njia ya jirani, bali achimbe tangi ayaweke maji ya mvua. Asijenge ukingoni mwa kijito, wala asitupe taka humo, kwani taka yake itafika bondeni kabla yake. Aache njia ya mguu waliyoizoea wenyeji aliowakuta. Aliye mjini naye ana lake: apunguze mkaa kwa kadiri ya uwezo wake, na mwenye uwezo wa gesi asione fahari kupika kwa gunia. Tangu mwaka 2024 serikali ya Tanzania ina mkakati wa kuifikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini mkakati haumwashii mtu jiko. Na jamaa za misikiti zilizo na ardhi ya wakfu, mbona tusiifanye sehemu yake kuwa wakfu wa miti? Babu zetu waliweka wakfu visima na minazi, nasi tunakunywa na kula hadi leo kwa sababu hawakujifikiria peke yao.

Wazee walisema, aliye juu mngoje chini, nao walikusudia kumtahadharisha mwenye kiburi. Nasi tuongeze kwamba aliye juu asingoje kuanguka ndipo amjue aliye chini. Amtazame tangu sasa, kila anaponyanyua shoka na kila wingu linapokusanyika. Na aliye chini naye asihusudu, bali apande mche mlangoni kwake; watu wa Shinyanga wametuonyesha kwamba hata kisiki kilichokatiwa tamaa huchipua kikipewa nafasi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaoimarisha ardhi, si katika wanaoiharibu. Na avifanye vivuli vyetu vya duniani, tulivyowagawia wengine, kuwa sababu ya kupata kivuli Chake siku ambayo hapana kivuli ila Chake. Amin.